Mpangaji Aliyeniita Baba

Tuliachana mahali pabaya. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo uani kwangu Somanda, mlango wa chumba cha tatu uko wazi, na mpangaji wangu wa kwanza ametoroka na balbu, kitasa na hata kamba ya kuanikia nguo. Ambaye hakuwepo siku hiyo hajakosa kitu. Ajue tu kwamba naitwa Mwandu, kwamba niliuza ng'ombe wa urithi wangu kule Zagayu nikajenga vyumba sita na fremu moja ya duka hapa Bariadi, na kwamba niliamini mwenye vyumba vya kupangisha analala tu na kodi inakuja yenyewe.

Kodi haiji yenyewe. Kinachokuja chenyewe ni choo kujaa.

Leo nasimulia habari za Violeth. Mke wangu Esteria alisema niendelee na vituko vya balbu, haya mengine niyaache ndani ya nyumba. Nimejaribu kuyaacha, nimeshindwa.

Baada ya yule mwizi wa balbu, vyumba vyangu vilikaa vitupu mpaka popo wakaanza kuvizoea. Nikamfuata Hilali, dalali, mwenye kibanda cha simu karibu na stendi. Nikamlalamikia kwamba watu wa Bariadi hawajui nyumba nzuri.

"Nyumba yako haina tatizo, mzee Mwandu," akaniambia. "Tatizo ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Unakaa uani na wapangaji wako, unawachungulia kila wanachopika. Mtu akikaanga samaki, asubuhi unamuuliza mbona ana hela ya samaki na kodi hana. Nani atakaa hapo?"

Nilikasirika, lakini nikaacha kuuliza habari za samaki. Hilali akaniletea watu. Akamleta Masele, kijana wa Kimali, muuza vipuri vya bodaboda, akachukua fremu ya mbele pamoja na chumba cha masta, masta kwa jina tu, choo cha ndani hakina. Akamleta Violeth, binti mpole anayeuza kwenye duka la dawa, akachukua chumba cha pembeni. Na wengine wakafuata.

Nyumba ikajaa. Nikaanza kutembea kifua mbele. Nikaanza pia kuliangalia lile pagale langu la nyuma, vyumba vinne vyenye kuta tu bila paa, nikiona vyumba kumi vikiwa vimejaa. Shida ilikuwa bati na mbao. Sikuwa na ng'ombe mwingine wa kuuza.

Jioni moja Violeth akaja mlangoni kwetu. Esteria alikuwa anabangua karanga.

"Mwadila, baba mwenye nyumba," akasalimia Kisukuma, akapiga goti kidogo.

"Mwadila. Luku imeisha?"

"Hapana. Nimekuja na jambo. Nimepata mchumba."

"Hongera. Nani huyo?"

"Masele."

"Masele yupi?"

"Wa fremu."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilishtuka. Wapangaji wangu wawili wakioana watalala chumba kimoja, na kingine kitabaki na popo.

"Wazee wake wanakuja kutoka Kimali," Violeth akaendelea. "Wanataka kukaa na baba yangu. Na baba alishafariki, nikiwa mdogo. Baba zangu wadogo walihama na ng'ombe kwenda Katavi, simu zao hazipatikani. Mama naye hayupo. Sina mtu wa kunikalia kikao cha mahari."

Nikaanza kuona anakoelekea.

"Wewe ndiye mtu mzima ninayemjua hapa mjini," akasema. Machozi yalikuwa karibu.

Esteria akaacha karanga. Akaniangalia kwa lile jicho lake la kusema fikiri kwanza. Lakini mimi nilikuwa nimeshafikiri, na nilifikiri kama mwenye nyumba. Binti akiolewa kutoka kwangu, yeye na mumewe watahama waende wapi? Nani anahama kwa baba yake? Hawa watakuwa wapangaji wa kudumu, na watoto wao pia wakikua watapanga kwangu.

"Nitakukalia," nikasema.

Alipoondoka, Esteria akanigeukia.

"Unajua anayepokea ng'ombe ndiye baba?"

"Najua."

"Siyo baba wa siku ile. Baba wa moja kwa moja. Akiugua ni wako. Akiachika anarudi kwako. Usije ukaniambia ulikuwa unasaidia tu."

"Esteria, hapa ni mjini. Watoto hawa wanaoana kwa simu. Hayo ya Zagayu yaache Zagayu."

"Haya," akasema. Mke wangu akisema haya, ujue ameacha kubishana, hajakubali.

Wazee wa Kimali wakaja. Mkubwa wao alikuwa mzee Bujiku, baba mkubwa wa Masele, mtu wa maneno machache. Hilali alikaa upande wangu, kwa sababu ukoo sikuwa nao. Tukasalimiana sana, tukaulizana mvua, tukaulizana pamba. Kisha mzee Bujiku akasema wamempenda mwanangu.

Neno hilo mwanangu lilinipa kichwa. Nikataja ng'ombe niliowataka, wazee wakakohoa. Nikaongeza masharti.

"Mimi sipokei kidogo kidogo. Ni mkupuo. Wote waje pamoja kabla binti hajatoka."

Hilali akanisogelea sikioni. "Mzee Mwandu, hapa hupangishi."

Mzee Bujiku alicheka, akidhani natania. Alipoona sicheki, akawageukia wenzake, wakanong'ona Kisukuma, wakakubali. Walimpenda kweli yule binti. Hilo sikuliona siku ile, niliona mabati tu.

Ng'ombe wakaja, wote kwa pamoja, wakipita barabara ya nyuma wapangaji wakipiga vigelegele. Violeth akanishika mkono mbele za watu.

"Asante, baba," akasema.

Siyo baba mwenye nyumba. Baba. Nilisikia kitu kifuani, sikatai. Mimi na Esteria tuna wavulana watupu, nao wako mbali. Siku ile nilijiona mtu mzima kuliko nilivyowahi kujiona.

Kwa desturi, ng'ombe wale wangekaa zizini ili kaka zake binti waolee. Violeth hakuwa na kaka. Mimi nilikuwa na pagale. Nikawapeleka mnadani, nikarudi na bati na mbao, na fundi akapaua vyumba vyote vinne. Esteria alisimama uani, akaangalia lile paa linavyong'aa, akaingia ndani.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuniharibikia.

Siku chache baada ya harusi, nikaona fremu ya Masele imefungwa saa za kazi. Mteja amesimama na pikipiki iliyokatika mnyororo, anapiga kelele. Nikagonga.

"Masele! Una mteja!"

"Mama amepita?" akauliza kutoka ndani, kwa sauti ya chini.

"Mama yupi?"

"Mama mkwe."

Mimi ni Msukuma wa Zagayu. Nilijua tangu mtoto kwamba mkwe haonani ovyo na mama mkwe wake, hapiti njia yake, hali mbele yake, na choo kimoja hawachangii kabisa. Nilijua yote. Nilidhani kijana wa vipuri, mwenye suruali ya kubana na spika dukani, hayajui.

Anayajua. Alilelewa na mzee Bujiku.

Na choo chetu ni kimoja. Esteria akitoka na ndoo ya maji, Masele anarudi chumbani mbio. Masele akikohoa upande wa bafuni, Esteria anasubiri mpaka jua linachoma. Mwisho kijana wa watu akawa anakwenda kujisaidia kwa Hilali.

"Mkweo anamaliza maji yangu," Hilali akanipigia simu. "Jenga choo kingine."

"Kwa ng'ombe gani?"

"Mimi nijue ng'ombe wako?"

Na kodi je? Ilipofika siku ya kodi nilivaa shati, nikafika mlangoni kwa Masele, nikanyanyua mkono kugonga, mkono ukakataa. Baba mkwe hagongi mlango wa mkwe wake kudai kodi. Atasema nini? Nikamtuma Hilali, Hilali akakataa.

"Mimi ni dalali, siyo mshenga. Mtoto wako huyo, mdai mwenyewe."

Haikuchukua muda mzee Bujiku akapiga simu kutoka Kimali. Watu walikuwa wanamcheka kijana wao kwamba ameolewa yeye, amehamia ukweni, anakula vya ukweni. Kwamba mwanaume hakai kwa wakwe zake. Masele alihamisha vipuri vyake siku moja tu, akampeleka mkewe mtaa wa Malambo kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mtu ambaye hakupokea ng'ombe na kwa hiyo anapokea kodi bila aibu.

Wakati wa kuondoka Violeth alilia. "Nitakuja kukusalimia, baba."

Mimi nilikuwa naangalia masta imebaki wazi, chumba cha pembeni kiko wazi, fremu iko wazi. Na vile vinne vya nyuma vina paa la kifahari juu, chini ni vumbi tupu, bila sakafu wala umeme, na mafundi wanadai siku zao. Nilitaka kukua, nikawa na vyumba vingi zaidi vitupu kuliko nilivyoanza navyo. Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi. Nilimkasirikia Masele, nikawakasirikia wazee wa Kimali na desturi zao. Mtu mmoja tu sikumkasirikia, na mnamjua.

Nilikonda. Vyumba vya katikati vilivyobaki na watu ndivyo vilivyotulisha. Esteria akaniambia wazi kwamba tukishindwa kuvijaza vingine mpaka pamba inayofuata iuzwe, ile nyumba tuiuze, tukalime. Nyumba ile imejengwa kwenye kiwanja alichoachiwa yeye na mama yake. Maneno yake hayakuwa mzaha.

Ndipo Hilali akamleta Naila.

Naila ni mfanyabiashara wa vitenge, mwanamke nadhifu, anayeongea taratibu na kuangalia kila kona. Alitaka fremu aweke duka, masta alale, na chumba cha pembeni kiwe stoo ya mzigo. Vyote vitatu kwa mkupuo, kwa mwaka mzima. Nilitaka kumkumbatia Hilali.

"Nina sharti moja," Naila akasema. "Nataka nyumba tulivu. Nilikotoka, mwenye nyumba alikuwa na kesi za ukoo, kila mara wazee wanakuja na fimbo, wateja wangu wanakimbia. Hapa kuna mambo hayo?"

"Hapa?" nikacheka. "Hapa tunaishi kama ndugu."

Hilali akaangalia pembeni.

Jumamosi asubuhi Naila akaja na kirikuu, kigari cha mizigo, imejaa marobota. Wabebaji wakaanza kushusha. Nikamkabidhi funguo mbele ya Hilali, nikamwonyesha bomba, nikamwonyesha choo. Nilikuwa nimeanza tena kutembea kifua mbele, na lile pagale nimeshalitia sakafu kichwani.

Bodaboda ikasimama getini. Akashuka Violeth, na begi kubwa.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka." Sauti yangu mwenyewe sikuipenda. "Kuna nini?"

"Wazee wamekuja kwa Masele. Wameamua niache kazi ya duka la dawa, niende Kimali nikalime pamba na mama mkwe, Masele abaki mjini. Nimesema siendi. Masele amesema nirudi kwa baba yangu, anifundishe."

Naila alikuwa amesimama na funguo mkononi, anasikiliza. Wabebaji nao wamepunguza mwendo.

Nikamvuta Violeth pembeni. "Chumba chako kimeshapata mtu, binti. Ndiyo huyo anaingiza vitu. Ungenipigia kwanza, ningekutafutia hata kwa Hilali..."

Aliniangalia kama hajanielewa.

"Sikuja kupanga, baba," akasema. "Nimerudi nyumbani."

Natamani ningeweza kuwaambia kwamba nilimpokea begi. Niligeuka kumwangalia Naila.

"Huyu ni binti yako?" Naila akauliza.

"Ni mpangaji wa zamani," nikasema. "Tumezoeana tu."

Nilidhani nimesema kwa sauti ya chini. Esteria alikuwa mlangoni, na amesikia. Akaja moja kwa moja, akalichukua lile begi, akajitwika kichwani, akaingia nalo kwenye chumba cha pembeni, kati ya marobota ya vitenge.

"Mama, hiyo ni stoo yangu," Naila akasema kwa heshima.

"Stoo itasubiri, dada yangu. Mtoto amechoka." Akamgeukia Violeth. "Ingia ukae. Nakuletea uji."

"Esteria!" nikamfokea. "Huyu mama analeta kodi ya mwaka mzima!"

"Na wewe una binti," akanijibu. "Nilikuuliza kama unajua. Ukasema unajua."

Getini watu walikuwa wanabisha hodi. Walikuwa wazee wawili wa Kimali, na mbele yao mzee Bujiku. Fimbo zilikuwepo.

"Usishushe tena," Naila akamwambia dereva wa kirikuu. "Subiri kwanza."

Hilali akaniminya kiwiko. "Mzee Mwandu, kuwa mpole. Yaongee vizuri, yatakwisha."

Lakini mimi nilikuwa naangalia marobota yaliyobaki juu ya gari. Niliona fremu inafunguliwa na kufungwa tena. Niliona popo. Niliona Esteria anauza kiwanja cha mama yake. Nasema leo kwamba ilikuwa hofu, maana roho mbaya ningeijua.

"Mwangaluka, mkwe," mzee Bujiku akasema. "Tumemfuata mtoto. Tumekuja tukae na wewe kama baba yake, tusikie unasemaje. Tukielewana, arudi kwa mumewe. Tukishindwana, mambo yarudi kama yalivyokuja."

Mambo yarudi kama yalivyokuja. Kila Msukuma anajua maana yake: ng'ombe warudishwe. Na mambo yangu yalikuwa juu ya pagale, yamepigiliwa misumari.

"Wazee wangu," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa Naila. "Hapa mmepotea njia. Mimi ni mwenye nyumba tu. Huyu alikuwa mpangaji wangu kama wengine. Mambo ya ndoa za watu mimi simo."

Hilali aliachia kiwiko changu, akarudi nyuma hatua, akasimama upande wa Esteria.

Mzee Bujiku hakukasirika. Alitafuta ile ndoo yangu, akaigeuza, akakaa. Akaangalia uani kwa utulivu, kutoka fremu mpaka masta, kutoka masta mpaka nyuma. Macho yake yakapanda juu ya pagale, yakakaa pale kwenye bati.

"Sawa," akasema. "Tumekusikia, na mashahidi wamesikia. Wewe siyo baba yake."

"Siyo," nikasema. Nilianza kupumua.

"Basi tuambie. Wale ng'ombe wetu uliwapokea kama nani?"

Dereva wa kirikuu akazima injini. Naila akaniangalia, kisha akaziangalia funguo alizoshika. Nikisema baba, nimeshajikana mbele ya watu wote. Nikisema siyo baba, basi mimi ni mtu aliyechukua ng'ombe wa watu kwa ulaghai, na hilo polisi wana jina lake.

Mlango wa chumba cha pembeni ukafunguliwa. Violeth akatoka na sinia, juu yake bilauri za maji, kama afanyavyo binti wa nyumba wageni wakifika kwao. Nilijua amesikia yote, ule mlango ni wa bati jembamba, nilinunua wa bei rahisi mwenyewe.

Akapiga goti mbele ya mzee Bujiku, akampa maji. Akawapa na wenzake. Kisha akasimama, akanigeukia. Hakuwa analia.

"Mjibu," akasema, "baba mwenye nyumba."